Nesi wa Kwenye Filamu

Mtu akisema mbele yangu kwamba mkamwana wangu ndiye aliyemuua mume wangu, simjibu kwa upole. Upole wangu uliisha siku ya tatu ya matanga, na waliokuwepo wanajua kwa nini. Wengine wanaendelea kusema wakiwa mbali, maana karibu yangu hawathubutu. Basi nitaeleza mwenyewe, tangu mwanzo, anayetaka kuelewa aelewe.

Mume wangu alikuwa fundi seremala, wa vitanda na milango, na nusu ya mtaa huu inalala juu ya kazi ya mikono yake. Hata mabenchi ya ule ukumbi wa video pale njia panda aliyatengeneza yeye. Sukari ilimwanza akiwa bado na nguvu za kusukuma randa tangu asubuhi mpaka jioni. Akameza vidonge miaka mingi, kisha vidonge vikagoma, daktari akamwandikia sindano, asubuhi na jioni, mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa mimi na sindano hatuelewani. Hata ya kushonea vifungo naiogopa. Mzee naye, mtu aliyewahi kukatwa na msumeno akaendelea na kazi kidole kimefungwa kitambaa, akiiona sindano alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye nyusi. Kama si mkamwana, sijui tungefanyaje.

Huyo binti aliletwa na mwanangu. Mwanangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, na huko kwenye safari zake alimkuta kambini, mkimbizi, anasaidia kufunga watu vidonda. Sitawadanganya, nilimpokea shingo upande. Nilikuwa nimemtaka binti wa karibu, ambaye mama yake tunakutana sokoni, tukigombana najua pa kwenda kushtaki. Huyu anatoka nchi niliyokuwa naisikia redioni tu: wanapigana, wameacha, wameanza tena. Lakini binti alikuwa na heshima zake na mkono mwepesi. Akamalizia masomo ya uuguzi hapa hapa, akaajiriwa kwenye zahanati yetu, chumba cha sindano. Watoto wa mtaa huu wamechanjwa na yeye. Kina mama walikuwa wanauliza kwanza kama yuko zamu ndipo wanatoka nyumbani. Yule mgeni ana mkono wa pamba, walikuwa wanasema. Hao hao.

Asubuhi Mzee alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni pa karakana, amekunja shati mpaka begani, uso ameugeuzia ukutani kama mtoto anayengoja kuchapwa. Mkamwana anamwambia, "Baba, tazama, kuku anaingia jikoni." Mzee anageuka, sindano imeshaingia na kutoka. Hatukuwahi kufuga kuku, na hakuna siku ambayo Mzee hakugeuka. Nilikuwa nawacheka mpaka mbavu zinauma. Ile ilikuwa furaha ya nyumba yetu, na nilikuwa sijui kama ni furaha.

Ndipo ikaja ile filamu.

Mnaikumbuka. Askari wetu walipelekwa kule kwao kulinda amani, na wengine wakarudishwa ndani ya masanduku. Wakati ule wakubwa walizungumza kidogo, wakazika, wakanyamaza. Watu wakabaki na uchungu usio na pa kwenda. Filamu ikawapa pa kwenda. Kabla ya picha ya kwanza yaliandikwa maneno kwamba kisa kimetokana na matukio ya kweli, na hayo yalitosha. Hakuna aliyeuliza ni tukio lipi, na kweli kiasi gani.

Niliiona, tena tulikwenda wote wawili, Mzee na mimi, tukakaa kwenye mabenchi yake mwenyewe. Ndani yake kuna hospitali karibu na daraja, ambako askari wetu waliojeruhiwa wamelazwa. Kuna nesi wa kule kwao, mzuri, mpole, sauti kama anaimba. Anawafunika mablanketi, anawafuta jasho, anawaita kaka. Kisha anawachoma sindano mmoja baada ya mwingine, na wanakufa macho yamemkodolea. Pale ukumbini watu walikuwa wanamwambia yule askari wa mwisho asikubali, wengine wamesimama. Nililia mpaka kitambaa kikalowa. Mzee hakulia. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Yule mchezaji alikuwa binti wa hapa hapa kwetu, kafundishwa tu kuigiza lafudhi yao. Kaigiza vizuri, Mungu amsamehe. Alikuwa anavuta maneno mwishoni vile vile anavyovuta mkamwana wangu akiniita, "Mamaa."

Wiki haikwisha, kila mtu akawa anaijua ile vita. Watu ambao ukiwauliza nchi ile iko upande gani wangekuonyesha juani, sasa wanakueleza tabia za watu wake, nani msaliti, nani mnyonya damu. Shemeji yangu, mdogo wake Mzee, mtu ambaye hajawahi kupigana hata na mke wake akashinda, akawa mtaalamu wa vita. Anakaa kwenye benchi la kinyozi anagawa majeshi. Redioni wanapiga simu: tumekwenda kulinda nini, turudi na mabomu. Na hawa waliojazana kwetu wanangoja nini, warudishwe kwao. Jirani yetu muuza mkaa, ambaye mjukuu wake alizaliwa mikononi mwa mkamwana wangu, alinishika mkono sokoni akaninong'oneza nifunge chumba changu kwa ndani nikilala.

"Nikufunge wewe mdomo," nikamwambia. Akacheka, akidhani natania.

Nilimuuliza mkamwana kama yule nesi alikuwepo kweli. Alikuwa anafua. Hakuacha kufua.

"Mama, hiyo hospitali ipo," akasema. "Manesi wake nilisoma nao. Waasi walipoingia waliwaua wao kwanza, kwa sababu walikataa kutoka na kuwaacha askari wenu peke yao. Mmoja alikuwa kitanda cha jirani yangu bwenini. Alikuwa anakoroma, tunamrushia viatu."

Nikamwambia basi waeleze watu. Akanitazama vile unavyomtazama mtu mzima anayesema jambo la kitoto. "Nitamweleza nani, Mama? Wao wameona kwa macho yao."

Zahanati ikamtoa chumba cha sindano, ikampeleka dirishani kuandika kadi. Mganga mkuu alimwambia ni kwa muda tu, mpaka upepo upite, maana kina mama walikuwa wanawafunga watoto migongoni na kuondoka wakimwona ameshika bomba la sindano. Alirudi nyumbani, akamnyonyesha mtoto wake mchanga, akapika, akatuandalia, akasema leo hana njaa. Mzee hakuinua macho kwenye sahani. Nilidhani ni uchungu wa kumhurumia binti yetu. Nilimpenda kwa ule uchungu.

Kesho yake asubuhi, mkamwana alipotoka na sindano yake, Mzee hakuwa amekaa kwenye kigoda. Alikuwa amesimama, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo.

"Mwanangu," akamwambia, kwa adabu zote, "daktari alisema mkono huu umekuwa sugu, dawa haiingii vizuri. Sasa ni tumboni. Na mimi siwezi kumfunulia tumbo mke wa mwanangu. Haifai. Wewe nivutie dawa kama kawaida, unipe, nitaingia chumbani nijichome mwenyewe."

Hapo nani angebisha? Kweli daktari alisema tumboni. Na kweli haifai, baba mkwe kujifunua mbele ya mkamwana, hata kama ni nesi. Binti mwenyewe aliona haya kwa kutolifikiria jambo lile kabla. Akawa anavuta dawa, anaiweka kwenye kisahani, anaifunika kitambaa safi, anampa kwa mikono miwili. Mzee anaipokea kwa mikono miwili, anashukuru, anaingia chumbani, anafunga mlango. Akitoka bomba ni tupu. Nami nikamsifu. Nikasema, jamani mume wangu amekuwa mwanamume leo, anajichoma mwenyewe bila kuku. Alicheka kidogo sana.

Akaanza kukonda. Maji akawa anakunywa kwa jagi, usiku anakwenda msalani mpaka nachoka kumfungulia mlango. Nguo zikawa zinamning'inia. Mkamwana akataka kumpima kwa ile mashine ya kidole, Mzee akasema vidole vinamuuma, kesho. Kesho ikawa na kesho yake. Binti akaenda mwenyewe kwa daktari, akaeleza, daktari akasema kama hali ni hiyo dawa iongezwe mpaka mzee afike kupimwa. Akaongeza. Alinionyesha kabisa, "Mama, tumepanda mpaka mstari huu." Muuza mkaa alikuwa amekaa pale uani ananipimia mkaa, akasikia. Kumbukeni hilo.

Siku aliyoanguka alikuwa anapima mbao. Tulimkuta chini, anahema kama mtu aliyekimbia mbali, mdomo unatoa harufu ya matunda yaliyooza. Mkamwana alipiga magoti kando yake, akamnusa, akamfunua kope, na uso wake ukabadilika. "Sukari imepanda, Mama. Imepanda vibaya. Inawezekanaje?" Ndiye aliyetafuta gari, ndiye aliyemshika kichwa njia nzima mpaka hospitali kubwa. Pale pale mapokezi Mzee alipozinduka kidogo akamwona yeye juu yake, alianza kumsukuma. Binti akadhani ni ugonjwa. Akamshika mikono, akambembeleza, "Baba, ni mimi, ni mimi." Ndivyo alivyozidi kumsukuma.

Jioni walinipa nafasi ya kukaa naye peke yangu. Maji yalikuwa yanaingia mkononi kwa mpira. Akafumbua macho, akili yake yote imo, nikafurahi, nikaanza kumgombeza kama ilivyo desturi yangu. Akaniambia nisogee.

"Sikujichoma," akasema.

"Hukujichoma lini?"

"Tangu siku niliyosema nitajichoma mwenyewe. Hata moja."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaniambia nikitazama chini ya kitanda, nyuma ya boksi la misumari, nitakuta kopo la maranda ya mbao. Humo ndimo alimokuwa anaimwagia dawa, kila asubuhi na kila jioni, kwa sababu maranda yanafyonza na hayatoi sauti.

"Najua si yeye," akasema. "Najua kabisa. Yule ni mwanangu. Lakini akija na ile sindano, akisema lile neno Baba kwa ile sauti yake, namwona yule wa kwenye filamu. Nimejaribu. Mwili unakataa."

"Si ungemwambia? Si ungeniambia mimi?"

"Nimwambieje mtoto wa watu namwogopa? Baada ya yote aliyotutendea? Bora ningekufa." Akatafuta mkono wangu. "Usimwambie. Hata nikitoka humu, usimwambie. Ataumia sana."

Nikamwahidi. Nilikuwa na hasira naye ya kutosha kuvunja kitanda, na nilikuwa nampenda, na nikamwahidi. Hakutoka. Alfajiri figo zilikuwa zimeacha kazi, na saa nne asubuhi wakamfunika uso.

Kopo nililikuta pale pale aliposema. Maranda yamelowa, yanatoa ile harufu ya dawa ya hospitali inayokaa puani. Nikalirudisha chini ya kitanda. Nilikuwa na nia ya kuizika siri ile pamoja na kichwa changu.

Lakini maneno yalianza kabla hata maiti haijatoka hospitali. Muuza mkaa ameshasimulia: aliongeza dawa, nilisikia kwa masikio yangu, alisema tumepanda mpaka mstari huu. Mwingine kamwona Mzee akimsukuma pale mapokezi. Fundi wa watu kachomwa sindano na nesi wa kule, kafa. Nani angehitaji kuambiwa zaidi, wakati kila mmoja alishaona namna inavyofanyika, tena kwa kiingilio? Nilimwomba daktari mwenyewe aje aseme kwamba dawa ya kuzidi inashusha sukari, haipandishi, na mume wangu alikufa kwa sukari kupanda. Alikuja, akasema, watu wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Alipogeuka tu wakasema hawa wa hospitali wanalindana.

Mwanangu akafika siku ya pili na vumbi lake la barabarani. Akazika. Akalala sebuleni pamoja na wanaume wengine, na nikajiambia ni kwa sababu ya msiba. Siku ya tatu asubuhi akaniita pembeni ya karakana.

"Mama," akasema, "siulizi kwa ubaya. Ulikuwepo akivuta dawa? Uliona anavuta kwenye chupa gani?"

Nikamtazama mtoto niliyemzaa. Alikuwa ameinamisha uso, anachokoa ubao kwa kucha. Nilielewa kwamba nikinyamaza nampoteza binti yule, nyumba yake na mwanaye mchanga, na nikisema namvunjia marehemu ahadi. Shemeji alikuwa ameshaanza kuzungumza na wazee kwamba matanga yakianuliwa jambo hili lifikishwe mbele, watu wa kule wana kambi yao, arudi huko. Binti mwenyewe alikuwa jikoni tangu alfajiri anapika chai ya watu ambao hawakuwa wanainywa. Nikaamua marehemu atanisamehe.

Niliingia chumbani, nikatoka na lile kopo, nikaliweka katikati ya uwanja, mbele ya wanaume na wanawake. Sikulia. Nikawapa vidonge vyao, mmoja mmoja, kwa majina ya watoto wao waliochanjwa na mkono ule. Kisha nikasema yote. Kwamba mume wangu hakuchomwa sindano hata moja tangu aliposema atajichoma mwenyewe. Kwamba dawa yote iko humu, anuseni. Kwamba aliyemuua si nesi, ni woga aliotiwa pale njia panda, kwenye benchi alilolipiga randa mwenyewe, na kwamba kama angemwamini mkamwana wake angekuwa amekaa hapa leo anawasikiliza upuuzi wenu. Nikalipitisha kopo. Walinusa kweli. Mimi nikafikiri nimeshinda.

Shemeji akalishika kopo, akaligeuza geuza, akashusha pumzi.

"Kumbe," akasema taratibu, "hata kaka yangu alishamshtukia."

Nikaona vichwa vinaitikia. Kimoja, kingine, mpaka kwa wanawake. Muuza mkaa akajishika kifua. Mzee wa watu, wakasema, kakaa na siri hiyo nyumbani kwake mwenyewe, kila siku anapokezwa sumu kwa mikono miwili. Mtu mwenye busara kama yule hawezi kukataa dawa bila sababu. Aliona kitu. Nilipiga kelele kwamba ilikuwa insulini, dawa yake ile ile, nileteeni daktari aipime, lakini nilikuwa najisemesha peke yangu. Mwanangu alikuwa anatazama lile kopo na machozi yanamtoka, na sikujua anamlilia nani. Ushahidi wote niliokuwa nao nimewapa, kwa mkono wangu.

Kisha nikageuka, nikamwona mkamwana. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya vikombe. Sijui alisimama pale tangu neno gani. Akaiweka sinia chini polepole, kikombe hata kimoja hakikugongana na kingine, akanijia. Hakuwatazama wale watu hata kidogo.

"Mama," akasema, "Baba aliniogopa?"

Mimi nina jibu la kila mtu, mtaa mzima unanijua. Nikatafuta uongo, wowote, hata wa kitoto, sikuupata. Nikamwambia ndiyo.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia. Akajifuta mikono kwenye nguo yake, akaifuta tena, ingawa ilikuwa mikavu.

"Angeniambia tu," akasema. "Ningemtafutia nesi mwingine. Yuko mmoja pale zahanati, wa hapa hapa kwenu, ana mkono mzuri. Angekuwa anapita kila asubuhi."